Mahali pa Kuweka Spika Katika Chumba cha Sinema Nyumbani

Wasomaji wenzangu, siku hizi watu wengi wa miji yetu wapenda kuwa na chumba cha sinema nyumbani mwao. Mtu hununua televisheni kubwa, na pamoja nayo hununua amplifaya, yaani chombo cha kukuza sauti, na spika tano au sita. Vyombo hivi huja vimefungwa vizuri ndani ya maboksi, na fedha nyingi zimekwisha kutoka. Lakini vikifunguliwa, spika huwekwa po pote palipo na nafasi: moja juu ya kabati, ya pili nyuma ya mlango, ya tatu chini ya meza pamoja na viatu. Kisha watu huketi kutazama, na baada ya siku chache huanza kunung'unika: "Muziki wapiga kelele, lakini maneno hayasikiki." Ndipo husema kwamba vyombo ni vibovu, wakaenda dukani kutafuta vingine vya bei kubwa zaidi.

Katika makala hii nataka kueleza kwamba mara nyingi chombo hakina kosa. Kosa ni mahali kilipowekwa. Wazee walisema, kila chombo kwa wimbile, na neno hilo lafaa sana hapa, maana sauti nayo ni mawimbi, na kila spika ina kazi yake na mahali pake. Mambo nitakayoeleza nimeyasoma katika fizikia, na katika likizo iliyopita niliyatumia nyumbani kwa mjomba wangu huko Jinja. Hayahitaji fedha. Yahitaji kamba, tepu ya kupimia, kioo na subira.

Kwa nini jambo hili si mchezo

Labda mtu ataniuliza, "Je, sinema ni kitu gani hata tuisumbukie hivi?" Nami nitamjibu kwa habari ya babu yangu, baba yake mjomba. Babu ana miaka 74, na jioni zake zote alikuwa akiketi pamoja na watoto na wajukuu kutazama habari, mpira na filamu. Mjomba aliponunua vyombo vipya, babu alianza kuuliza kila mara, "Amesema nini huyo?" Watoto walimjibu mara ya kwanza na ya pili, kisha wakachoka. Sauti ilipandishwa mpaka jirani akaja kulalamika, wala babu hakusikia maneno vizuri zaidi. Mwisho akawa akila chakula chake na kwenda zake kulala mapema. Watu walisema, "Masikio ya mzee yamekwisha." Mjomba alikuwa amekwisha kuweka akiba ya kununua amplifaya yenye nguvu mara mbili.

Ni kweli kwamba masikio ya mzee hupunguka nguvu, na sauti zinazopotea kwanza ni zile nyembamba. Lakini tazameni lugha yetu ilivyo. Sema maneno haya: pika, fika, shika. Irabu zake ni zile zile, nazo ndizo zenye nguvu. Kinachotenga neno moja na jingine ni konsonanti tu, na konsonanti kama f, s, sh na t ni pumzi ndogo, nyembamba na dhaifu. Sauti nene ikivuma kwa nguvu chumbani huzifunika kabisa. Basi mzee husikia kwamba mtu anasema, lakini hajui kama amesema pika au fika. Ukipandisha sauti, ile nene nayo yapanda, na kifuniko chazidi kuwa kizito. Kwa hiyo mahali pa spika paweza kumwondoa mtu katika mazungumzo ya nyumba yake, au kumrudisha.

Sauti yaendaje

Sauti yapita hewani kwa mwendo wa mita 343 hivi kwa sekunde moja, hewa ikiwa na joto la digrii 20. Kwa hiyo katika sehemu moja ya elfu ya sekunde yapita sentimeta 34, karibu urefu wa rula yetu ya darasani na kidogo zaidi. Tukumbuke hesabu hiyo, maana tutaitumia tena.

Tukitaka kujua urefu wa wimbi moja, twagawa mwendo huo kwa idadi ya mitikisiko katika sekunde, ambayo huitwa herzi. Sauti nene sana ya herzi 34 ina wimbi la mita 10. Sauti nyembamba ya herzi 10,000 ina wimbi la sentimeta tatu na nusu tu. Tofauti hiyo ni kubwa, nayo ndiyo asili ya mambo yote yafuatayo.

Aliyekaa ukingoni mwa ziwa Viktoria ameona jambo hili kwa macho. Wimbi refu likikutana na nguzo ya gati, hulipita kana kwamba nguzo haipo. Lakini viwimbi vidogo hugonga nguzo, na nyuma yake maji hutulia. Vivyo hivyo sauti nene huzunguka kabati, kochi na watu, ikaenea chumba kizima hata usijue yatoka wapi. Sauti nyembamba huenda kama mwanga wa tochi: spika ikigeuziwa ukuta, au ikiwekwa nyuma ya mkono wa kochi, sauti hiyo hupotea njiani. Nayo ndiyo iliyobeba konsonanti.

Masikio mawili na sauti ya kwanza

Mungu ametupa masikio mawili, na kwa hayo twajua sauti inatoka upande gani. Ikitoka kulia, hufika sikio la kulia mbele kidogo ya la kushoto. Tofauti hiyo haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ubongo huitambua. Tena kichwa chenyewe huzuia sauti nyembamba, kwa hiyo sikio la mbali husikia kidogo zaidi.

Watu walianza zamani kutumia maarifa haya kwa vyombo. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein, aliyefanya kazi katika kampuni ya EMI, aliomba hataza ya sauti ya pande mbili mwezi wa Desemba 1931. Nchini Marekani, tarehe 27 Aprili 1933, wataalamu wa Bell Laboratories walipeleka muziki wa okestra iliyokuwa ikipiga Philadelphia mpaka ukumbi mmoja wa Washington kwa njia ya simu. Walitumia njia tatu za sauti: kushoto, kati na kulia. Mpaka leo mbele ya chumba cha sinema twaweka spika tatu hizo hizo.

Mwaka 1949 Mjerumani Helmut Haas aliandika juu ya jambo jingine la ajabu. Sauti ile ile ikitoka katika spika mbili, na moja ikichelewa kidogo, sikio halisikii sauti mbili. Husikia moja, na hudhani imetoka katika spika ile iliyofika kwanza. Jambo hili laeleza shida ya nyumba nyingi. Filamu zetu zinazosemewa na ma-VJ kwa Kiganda mara nyingi zina sauti ile ile kushoto na kulia. Aliyeketi katikati husikia VJ kana kwamba yuko ndani ya televisheni. Lakini aliyeketi pembeni, karibu na spika ya kushoto, husikia kila kitu kikitoka kushoto, na macho yake yakitazama mbele. Katika nyumba ya mjomba, kiti cha pembeni kilikuwa cha babu.

Spika tano na mahali pake

Mpango wa kawaida huitwa tano nukta moja. Tano ni spika za kawaida, na nukta moja ni ile ya sauti nene tu, ambayo watu huiita sabufa. Shirika la mawasiliano la mataifa, ITU, lenye makao Geneva, limetoa mwongozo wa mahali pa spika hizo tano. Hesabu yake ni ya pembe, nasi twaijua jometri.

Kwanza, mahali pa kukaa. Chumba cha mjomba kina urefu wa mita 5, upana wa mita 4, na kimo cha mita 2.7. Kochi lilikuwa limebanwa na ukuta wa nyuma, kama desturi ya nyumba nyingi. Tulilivuta mpaka kichwa cha aliyeketi kikawa mita 3.2 kutoka ukuta wa mbele. Sababu nitaieleza katika habari ya sauti nene.

Pili, spika ya kushoto na ya kulia. Hizi ziwe pembe ya digrii 30 kila upande kutoka mstari wa katikati. Maana yake ni kwamba msikilizaji na spika mbili wafanya pembetatu ambayo pande zake tatu ni sawa. Haihitaji chombo cha kupimia pembe. Chukua kamba, ifunge penye kiti cha katikati, pima mpaka spika ya kushoto, kisha mpaka ya kulia, kisha kutoka spika mpaka spika. Vipimo vitatu vikiwa sawa, kazi imekwisha. Sisi tuliweka spika sentimeta 60 mbele ya ukuta, na pembetatu yetu ikawa na pande za mita 3. Zikabaki sentimeta 50 kati ya kila spika na ukuta wa pembeni. Zamani zilikuwa zimesukumwa pembeni kabisa, ndani ya kona.

Tatu, spika ya kati. Hii ndiyo spika ya maneno. Katika filamu nyingi zilizotengenezwa kwa njia tano, mazungumzo karibu yote hupitia hapa. Yafaa iwe chini au juu ya televisheni, karibu nayo iwezekanavyo, na uso wake uinamishwe kuelekea masikio. Nyumbani kwa mjomba fundi aliiweka juu ya kabati, karibu na dari, ikitazama taa. Kuitoa hapo kulileta faida kubwa kuliko jambo jingine lo lote. Tuliiweka chini ya televisheni, tukaisukuma mbele mpaka ukingo wa meza ili meza isirudishe sauti, tukatia kipande cha mti chini yake mbele ili itazame juu kidogo. Tena spika ya kati humwokoa mtu wa pembeni, maana maneno yatoka mahali pamoja, wala hayategemei mtu kukaa katikati. Kwa filamu ya njia mbili tu, amplifaya nyingi zina njia ya kuchukua sauti iliyo sawa pande zote mbili na kuipeleka spika ya kati. Tafuta njia hiyo katika kitabu cha maelezo.

Nne, spika mbili za kando. Watu huziweka mbele pamoja na nyingine, au nyuma kabisa chini ya kochi. Mwongozo wasema ziwe kati ya digrii 100 na 120 kutoka mbele, yaani pembeni na nyuma kidogo ya masikio. Kazi yake ni mvua, upepo, kelele za umati uwanjani. Zisikike bila kumfanya mtu ageuke kuzitazama. Ukuta wetu ulikuwa mita 2 kutoka kiti cha katikati, na kwa digrii 110 tulizipachika sentimeta 73 nyuma ya mstari wa masikio. Hesabu ni 2 mara tanjenti ya digrii 20. Wasomaji wa kidato cha juu waijaribu.

Tano, kimo. Masikio ya mtu aliyeketi yako juu ya sakafu kiasi cha mita moja au kidogo zaidi. Ile sehemu ndogo ya spika inayotoa sauti nyembamba iwe karibu na kimo hicho kwa spika za mbele. Za kando zaweza kuwa juu kidogo ya vichwa, ili jirani yako wa kochi asizizuie.

Siku hizi kuna mpango mwingine uitwao Dolby Atmos, ulioanza katika majumba ya sinema mwaka 2012, nao huongeza spika za juu darini. Ni mzuri, lakini mtu asikimbilie dari kabla hajaweka sawa za chini.

Kusawazisha muda na nguvu

Huenda mtu akauliza, "Spika za mbele ziko mita 3 kutoka kwangu, na za kando mita 2 tu. Je, sauti hazitapishana?" Ameuliza vema. Spika zetu za kando zilikuwa mita 2.13 kutoka kiti cha katikati. Tofauti ni sentimeta 87, na kwa hesabu yetu ya sentimeta 34, sauti yake hufika mapema kwa sehemu mbili na nusu za elfu ya sekunde. Amplifaya za sinema zina mahali pa kuandika umbali wa kila spika. Ukiandika kwa ukweli, chombo chenyewe huichelewesha ile ya karibu ili zote zifike pamoja. Fundi wa mjomba aliacha namba zilizotoka kiwandani.

Kadhalika na nguvu. Ukienda mbali mara mbili nje uwanjani, nguvu ya sauti hupungua kwa desibeli 6. Chumbani hupungua kidogo kuliko hapo, maana kuta huirudisha. Kwa hiyo amplifaya hutoa sauti ya majaribio, kama mvumo wa mvua, katika spika moja moja. Keti mahali pako na usawazishe mpaka zote zilingane. Kama maneno bado ni hafifu, ongeza spika ya kati peke yake desibeli mbili au tatu. Usipandishe zote.

Usisahau nyaya. Kila spika ina mdomo mwekundu na mdomo mweusi. Spika moja ikifungwa kinyume cha mwenzake, moja husukuma hewa wakati nyingine inavuta. Sauti nene hupotea, na mwimbaji hasikiki kuwa katikati wala pembeni. Tulikuta spika ya kulia imefungwa hivyo. Zima amplifaya kwanza, ndipo uguse nyaya.

Sauti nene na kona za chumba

Sasa nafika penye shida kubwa kuliko zote. Tumesema wimbi la herzi 34 lina mita 10. Chumba cha mita 5 kina nusu ya urefu huo kamili. Wimbi likigonga ukuta wa mbele na wa nyuma hukutana na lenyewe, likasimama. Penye kuta hujaa sana, na katikati ya chumba hukauka. Kanuni yake ni rahisi: gawa 343 kwa urefu wa chumba mara mbili. Kwa mita 5 twapata herzi 34, kwa upana wa mita 4 herzi 43, na kwa kimo cha mita 2.7 herzi 64 hivi. Hizo ndizo sauti ambazo chumba hupenda kuzivumisha, pamoja na nyingine zilizo mara mbili na mara tatu yake. Chumba ambacho urefu na upana wake ni sawa kina shida zaidi, maana mivumo miwili huangukia namba moja.

Kwa sababu hiyo kochi lililobanwa na ukuta hukaa penye mvumo mkubwa kabisa, na kochi lililo katikati hasa ya chumba hukaa penye upungufu. Mahali pazuri ni kati ya hapo, ndiyo maana tulilivuta. Kona nayo ni mbaya kwa namna yake. Spika karibu na ukuta mmoja huongezewa sauti nene, na katika kona, ambapo kuta mbili na sakafu hukutana, huongezewa zaidi. Sabufa ya mjomba ilikuwa konani, na kochi limegusa ukuta. Basi mivumo ilikutana juu ya kichwa cha babu, ikafunika kila f na kila s.

Ipo njia ya kupata mahali pa sabufa ambayo itawachekesha watu, lakini ina akili. Weka sabufa juu ya kochi, mahali pa msikilizaji. Piga muziki wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka. Kisha wewe mwenyewe tambaa sakafuni ukifuata kuta, ukisikiliza. Utakuta mahali ambapo noti moja yavuma na nyingine haipo, na mahali pengine ambapo noti zote ni sawasawa. Hapo penye usawa ndipo uweke sabufa, nawe urudi kwenye kochi. Yafanya kazi kwa sababu njia ya sauti kutoka kochi mpaka ukutani ni ile ile ya kutoka ukutani mpaka kochi. Wajukuu walinicheka nikitambaa, kisha wakataka kutambaa wote. Tulikubaliana mahali pamoja: ukuta wa mbele, karibu na katikati yake. Tusiogope kuiweka mbali kidogo na televisheni, maana sauti ya chini ya herzi 80 ni vigumu kujua yatoka wapi.

Kuta, zulia na mapazia

Nyumba zetu zina sakafu ya saruji, kuta za plasta na madirisha ya kioo. Vyote hivyo hurudisha sauti. Piga kofi katika chumba kitupu utasikia mlio kama wa ubawa wa ndege: hiyo ni sauti ikirushwa kati ya kuta mbili zinazotazamana.

Mwaka 1895 chuo kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambamo wanafunzi hawakuweza kumfahamu mwalimu. Kijana mmoja aliyefundisha fizikia, Wallace Sabine, alitakiwa kutafuta dawa. Usiku alichukua mito ya viti kutoka jumba jingine la chuo, akaiingiza ukumbini kidogo kidogo, akipima sauti ilidumu kwa sekunde ngapi. Kwa kazi hiyo alipata kanuni inayotumika mpaka leo: muda wa sauti kufa ni 0.161 mara ujazo wa chumba, ukigawa kwa eneo la vitu vinavyonyonya sauti. Chumba cha mjomba kina mita za ujazo 54. Ili sauti ife katika nusu sekunde, twahitaji mita za mraba 17 na kidogo za vitu vinavyonyonya kabisa. Kwa kuwa zulia na pazia hunyonya sehemu tu ya sauti, lazima viwe vingi kuliko hivyo. Kochi na watu wenyewe husaidia pia.

Lakini mahali pa kuanzia ni pale ambapo sauti hugonga kwanza. Hapo ndipo kioo chatakiwa. Mtu mmoja aketi penye kiti, mwingine atembeze kioo juu ya ukuta wa pembeni kwa kimo cha masikio. Aliyeketi akiona spika ndani ya kioo, tia alama. Hapo tundika pazia zito, au blanketi, au weka rafu ya vitabu. Kanuni ya sauti kurudi ukutani ni ile ile ya mwanga. Sakafuni, kati ya kochi na televisheni, tandika zulia. Sisi tulitumia zulia lililokuwa chumbani mwa wageni na mapazia mawili ya zamani.

Wengine hubandika trei za mayai ukutani. Nawaambia waache. Karatasi ile nyembamba hupunguza sauti nyembamba kidogo tu, na ile nene haiguswi. Tena hushika moto upesi.

Matokeo yake

Kabla hatujasogeza kitu, nilirekodi katika simu maneno 20 yanayofanana, kama pika na fika, nikayapiga kupitia vyombo pamoja na muziki kidogo, na babu akayarudia kwa mdomo. Alikosa karibu nusu. Baada ya kazi ya mchana mmoja nilirekodi mengine 20 ya namna hiyo hiyo, tukayapiga kwa nguvu ile ile. Alikosa matatu. Mjomba alinitazama, kisha akasema, "Basi, mpwa wangu, ile akiba ya amplifaya tutaipa kazi nyingine."

Kazi hiyo ilikuwa kumpeleka babu hospitali kupimwa masikio, maana haya matatu aliyoyakosa nayo yana sababu yake. Spika kuwekwa vizuri si dawa ya masikio. Ni kuondoa kizuizi tu, ili kila mtu atumie kile alicho nacho. Babu sasa hukaa mpaka mwisho wa habari, na mara nyingi ndiye anayewaambia wengine refa amesema nini.

Kwa wale wasio na spika tano

Najua wasomaji wengi hawana chumba cha sinema. Hata hivyo kanuni ni zile zile. Mwenye spika mbili afanye pembetatu yake ya pande sawa, azitoe konani, aziinue mpaka kimo cha masikio, na mzee apewe kiti cha katikati. Mwenye televisheni tu ajue kwamba mara nyingi spika zake ndogo zatazama nyuma au chini; asiitie ndani ya kabati lenye milango. Mwenye redio moja asiiweke konani juu ya kabati, bali mezani, uso wake ukimwelekea msikilizaji.

Basi, ndugu zangu, tukisikia mtu akilalamika kwamba hasikii, tusikimbilie kupandisha sauti, wala tusikimbilie kulaumu masikio yake. Tuchukue kamba, tupime. Tuone spika yatazama wapi, ukuta uko umbali gani, na aliyekaa pembeni ni nani.